Draiva ya tachipadi iripoti vidole, isikisie nia ya mtumiaji

Mwanzisha uzi (River Road, Nairobi)

Habari zenu wanajukwaa. Karibu kila wiki mtu hupanda ngazi hadi karakana yetu akiwa na laptopu iliyotumika ng'ambo, ameiwekea Linux, na lalamiko lake ni lile lile: kishale kinasonga lakini vidole viwili havisogezi ukurasa, au tachipadi inakufa katikati ya kazi. Swali huwa ni, "Niweke draiva gani?", yaani programu gani ya kuunganisha kifaa na mfumo endeshi. Nimejibu swali hilo mara nyingi kwa mdomo, na leo nimeona niliandike kwa urefu, kwa sababu naamini vijana wetu wengi wenye uwezo wa kuandika draiva wanaanzia mahali pasipofaa.

Tuanze na kifaa chenyewe. Ndani ya tachipadi hamna kipanya. Chini ya kioo au plastiki kuna nyaya nyembamba zilizopangwa kwa safu na mistari, pamoja na chipu inayopima ni chaji kiasi gani ya umeme inashikika katika kila makutano. Kidole kikikaribia, kipimo hubadilika, na fimwea, yaani programu iliyo ndani ya chipu, hupiga hesabu ili kupata kitovu cha mguso. Kwa hiyo kifaa kinajua vidole ni vingapi na viko wapi. Swali ambalo draiva imeumbwa kulijibu ni moja: ukweli huo utafikaje kwenye mfumo endeshi bila kupotea njiani?

Kwa miaka mingi ulipotea. Tachipadi za kompyuta nyingi ziliunganishwa kwa PS/2, njia ya zamani ya vipanya na kibodi, na zilipowashwa zilijitambulisha kama kipanya cha kawaida. Pakiti ya kipanya hicho ina baiti tatu tu: ya kwanza hubeba vitufe na alama za mwelekeo, ya pili ni mwendo wa kushoto na kulia, ya tatu ni mwendo wa juu na chini. Katika baiti hizo tatu hamna mahali pa kuandika kwamba vidole ni viwili. Ndiyo maana tachipadi ambayo haijaamshwa vizuri hufanya kazi kama kipanya cha miaka ya tisini hata kama chipu yake ina uwezo mkubwa.

Namna Synaptics, watengenezaji wa tachipadi, walivyopita kizuizi hicho hunifurahisha kila nikiifikiria. Amri ya kipanya ya kuweka ukali wa mwendo hupokea thamani nne pekee, kuanzia 0 hadi 3, yaani biti mbili. Wao walikubaliana kwamba ukiituma amri hiyo mara nne mfululizo umepeleka biti nane, ambazo kipanya cha kawaida kitazichukua kama marekebisho yasiyo na maana, ilhali chipu yao itazielewa kuwa ni swali. Ukituma sifuri nne kisha ukaomba hali ya kifaa, baiti ya katikati ya jibu ikiwa 0x47, umempata mwenyewe. Baada ya hapo unaweza kuomba pakiti za baiti sita, hadi 80 kwa sekunde, zenye mahali halisi pa kidole na kiasi cha mguso. Msimbo wa kazi hiyo umo wazi katika kiini cha Linux (sehemu ya ndani inayoendesha vifaa), katika faili ya `synaptics.c`, na nawasihi mnaojifunza muusome kabla ya kuandika hata mstari mmoja wenu.

Kuna kizazi cha tachipadi ambacho kiliona vidole viwili bila kujua kila kimoja kiko wapi. Kilitoa pembe mbili tu za mstatili unaovizunguka vidole hivyo. Je, kidole kimoja kiko juu kushoto na kingine chini kulia, au ni kinyume chake? Hakuna awezaye kujua kwa kutazama pembe hizo. Waandishi wa kiini wangeweza kukisia, na mara nyingi wangepatia. Badala yake waliweka alama inayoitwa `INPUT_PROP_SEMI_MT`, ambayo inaiambia programu ya juu kwamba idadi ya vidole ni ya kweli lakini mahali pa kila kidole si pa kutegemewa. Hiyo ndiyo draiva ninayoiheshimu: inasema inachokijua, na inasema wazi pale ujuzi wake unapoishia. Tafsiri ya nia ya mtumiaji inaziachia programu za juu.

Karibuni tujadiliane.

Mwanafunzi (Juja)

Shukrani mwalimu. Yangu si ya PS/2. Iko kwenye I2C, njia nyingine ya kuunganisha chipu, nayo ina matatizo mawili. Kwanza, kishale kinasonga lakini vidole viwili havifanyi lolote. Pili, nikitumia kwa nusu saa hivi, tachipadi inakufa kabisa mpaka niwashe upya. Kwenye Windows ilikuwa sawa. Nilikuwa nimeanza kuandika draiva yangu mwenyewe, lakini baada ya kusoma uzi huu nimesita. Nianzie wapi?

Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, umefanya vizuri kusita. Kwa tachipadi za I2C draiva tayari ipo, na kwa kawaida imeandikwa vizuri. Microsoft walitoa kanuni ya kupitisha HID, lugha ya vifaa kama vipanya na kibodi, juu ya I2C wakati wa Windows 8, mwaka 2012, na Linux ikapata draiva ya `i2c-hid` katika toleo la 3.8, iliyoandikwa na Benjamin Tissoires. Kinachotofautisha laptopu moja na nyingine ni maelezo, na mara nyingi ugonjwa umejificha humo.

Hebu tufuate mlolongo. Mashine ikiwaka, jedwali za maelezo ya vifaa ziitwazo ACPI, zilizo ndani ya BIOS (programu inayowasha mashine), huuambia mfumo kwamba kwenye njia fulani ya I2C kuna kifaa cha aina ya `PNP0C50`. Draiva inaiuliza jedwali hiyo ni rejista ipi yenye maelezo ya kifaa, kisha inasoma baiti 30. Humo inaonyeshwa mahali palipo na maelezo marefu zaidi, yale yanayoeleza kila ripoti biti kwa biti: hapa ni namba ya mguso, hapa ni X, hapa ni Y, hapa ni kitufe. Mfumo unayasoma maelezo hayo na kuamua ni draiva gani ya juu itakabidhiwa kifaa. Kikiwa na namba ya mguso, kinapaswa kwenda kwa `hid-multitouch`, draiva ya miguso mingi.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hawalijui. Tachipadi inayofuata kanuni ya Microsoft ya mwaka 2013 huwaka ikiwa kipanya. Inafanya hivyo kwa makusudi, ili mtumiaji aweze kusogeza kishale hata ndani ya BIOS. Hubaki hivyo hadi mfumo endeshi uiandikie ripoti inayoweka hali ya kazi kuwa 3. Kazi ya kuandika hiyo 3 ni ya `hid-multitouch`. Ukiona kishale kinasonga na vidole viwili vimekataa, swali la kwanza ni kama kuna aliyeiandika. Angalia ni draiva gani imekishika kifaa chako, kisha utuletee majibu.

Kuhusu kufa baada ya nusu saa, sikisii bado. Fungua `/proc/interrupts`, faili inayohesabu kila kifaa kimeuita mfumo mara ngapi, tafuta mstari wa tachipadi, na utazame namba yake unapopitisha kidole. Ikifa, itazame tena. Halafu toa jedwali za ACPI kwa `acpidump`, uzifungue kwa `iasl`, na unakili mstari wa `GpioInt` ulio chini ya tachipadi, unaoeleza waya wake wa kuuita mfumo.

Fundi (Luthuli Avenue)

Ndugu mwanzisha uzi, umesema vizuri, lakini niruhusu nilete upande wa bisibisi. Nusu ya laptopu ninazoletewa kwa sababu ya "draiva mbovu" hazina tatizo la draiva. Juzi mama mmoja alileta mashine ambayo kishale chake kiliruka kama kimeshikwa na kichaa, lakini pale tu ilipokuwa kwenye chaji. Nilipoitoa kwenye chaji ikatulia. Nilipoichaji kwenye soketi yangu yenye waya wa ardhi ikatulia pia. Nikamuuliza anachajia wapi. Akasema nyumbani anatumia ekstensheni ya matundu mawili, na plagi ya pini tatu ameilazimisha kwa kijiti.

La pili ni tachipadi za kubadilishwa. Ile ya asili ikivunjika, tunafunga ya modeli jirani kwa kuwa utepe wake unaingia. Inawaka, lakini kishale kinakuwa kizito, unasukuma kidole mara tatu kuvuka skrini. Hilo sijapata dawa yake.

Mwanzisha uzi

Fundi, asante sana. Hili la chaji liwekwe wino. Chaja isiyo na ardhi hupitisha mtikisiko wa umeme katika mwili wote wa laptopu, na chipu inayopima mabadiliko madogo sana ya chaji huuona mtikisiko huo kama vidole. Nimewahi kuona kijana akiandika kichujio cha mistari mia mbili ndani ya draiva ili kuyaficha maruko ya namna hiyo. Kilifanikiwa kuyaficha, na kikaficha pia mwendo wa haraka wa kidole halisi.

Hilo la tachipadi ya modeli jirani lina dawa, na dawa yake haihitaji draiva mpya. Chukua rula. Wiki iliyopita nilipima moja iliyokuwa na upana wa milimita 105. Kifaa chenyewe kilikuwa kinatoa namba za X kuanzia 0 hadi 1260, kwa hiyo ukweli ni vizio 12 kwa kila milimita. Lakini maelezo yake yalidai vizio 20. Mfumo ukagawa 1260 kwa 20 na kuamini kwamba una tachipadi ya milimita 63. Ukisogeza kidole milimita 10, unatoa vizio 120, nao unahesabu kwamba umesogea milimita 6. Huo ndio uzito unaousikia mkononi. `libinput`, programu ya juu inayotafsiri miguso, huamua mambo mengi kwa milimita: mwendo wa kishale, mahali kingo zinapoanzia, umbali ambao kidole lazima kipite kabla ya kuhesabiwa kwamba kimesogea. Namba moja ikiwa ya uongo, yote hayo yanapinda pamoja.

Tumia `touchpad-edge-detector`, ipe vipimo vya rula, upitishe kidole kwenye kingo zote nne, nayo itakupa mistari ya kuweka katika faili ya hwdb, hifadhi ya maelezo ya vifaa. Kisha itume kwa mradi wa systemd, unaoitunza hifadhi hiyo, ili fundi mwingine mwenye mashine kama hiyo asianze upya.

Msanidi wa programu (Kilimani)

Naomba kupinga kidogo, kwa heshima. Mnasema draiva iripoti tu na tafsiri ifanywe juu. Lakini mtumiaji wa kawaida hajali matabaka. Anataka kiganja chake kisisogeze kishale anapoandika. Kama draiva inajua ukubwa wa mguso, kwa nini isikatae kiganja hapo hapo, mara moja, ili kila programu ifaidike? Tafsiri ya juu ikikosewa, kila mazingira ya kazi yatakosea kivyake.

Mwanzisha uzi

Dada, hoja yako ni nzito, na ningekuwa wa kwanza kukubali kama draiva ingekuwa na habari za kutosha kufanya uamuzi huo. Haina. Ili ujue kama mguso mpana ni kiganja au ni dole gumba la mtu mwenye mikono mikubwa, inasaidia sana kujua kama kibodi inatumika wakati huo huo, na kibodi ni kifaa kingine chenye draiva nyingine. Inasaidia kujua kama mtu huyu anatumia mkono wa kushoto, au mikono yake inatetemeka na amejirekebishia mipangilio. Hayo yote yanakutana juu, hayakutani chini.

Hofu yako ya kila mazingira kukosea kivyake ilikuwa kweli kabisa zamani. Draiva ya tachipadi ya X, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha, ilikuwa na chaguo nyingi kiasi kwamba watu walirithishana faili za mipangilio bila kujua zinafanya nini. Ndiyo sababu `libinput` iliyoanzishwa na Jonas Ådahl, kisha ikatunzwa kwa miaka mingi na Peter Hutterer, ilipata nafasi tangu mwaka 2014: tafsiri moja, mahali pamoja, juu ya kiini, inayotumiwa na mazingira yote makubwa. Kiganja hukataliwa humo, na kosa likipatikana hurekebishwa mara moja kwa wote.

Lakini nakubali kwamba mpaka huo una mahali ambapo ni lazima draiva iamue, na ningependa kuuonyesha kwa karibu. Kiini huwasilisha kila kidole katika nafasi yake. Kidole kikitua, draiva hutaja nafasi, tuseme 0, halafu hutoa namba ya ufuatiliaji, tuseme 45, halafu X na Y, kisha hufunga ripoti. Cha pili kikitua, hutaja nafasi 1 na namba 46. Kidole cha kwanza kikiinuliwa, hutaja nafasi 0 na namba ya ufuatiliaji -1. Hiyo -1 ndiyo kila kitu. Ikikosekana, mfumo unaamini kidole bado kiko pale. Mtumiaji akirudisha kidole kimoja, mfumo unaona viwili, na ukurasa unateremka badala ya kishale kusonga. Nawaita vidole vizuka, na nimepoteza siku nzima zaidi ya mara moja nikivitafuta.

Zipo fimwea ambazo mara nyingine husahau kutuma taarifa ya kuinuliwa. Hapo `hid-multitouch` huweka saa ya milisekunde 100: kifaa kikinyamaza kwa muda huo wakati kuna vidole vilivyohesabiwa kuwa viko chini, draiva huviachia yenyewe. Je, huko si kukisia? Nasema sivyo, kwa sababu kanuni inakitaka kifaa kiendelee kutuma ripoti muda wote kidole kinapogusa. Kwa hiyo ukimya ni taarifa. Draiva inatimiza mkataba ambao kifaa kimeuvunja, bila kusema lolote kuhusu alichokitaka mtumiaji. Hapo ndipo ninapouchora mpaka wangu, dada, na kama unaona umepinda niambie.

Msanidi wa programu (Kilimani)

Mfano wa -1 umenifungua macho. Bado naona mpaka huo utasumbua kwa laptopu zenye kijiti cha kuelekeza katikati ya kibodi, lakini nimeelewa kanuni yako.

Mwanzisha uzi

Kijiti hicho chekundu, kilichobuniwa na Ted Selker na kutokea kwenye ThinkPad za IBM mwaka 1992, kinathibitisha jambo hilo hilo. Hakipimi mwendo, kinapima nguvu ya kusukuma, kwa hiyo namba zake hazina milimita. Katika mashine nyingi za PS/2 kilipitia ndani ya chipu ya tachipadi kama mgeni, pakiti zake za baiti tatu zikifungwa ndani ya pakiti za baiti sita za mwenyeji. Draiva huzifungua na kuzikabidhi kwa kifaa tofauti. Ikizichanganya na za vidole, hakuna tabaka la juu litakaloweza kuzitenganisha tena.

Mwanafunzi (Juja)

Mwalimu, nimerudi na majibu. La kwanza: kifaa kimeshikwa na `hid-generic`, draiva ya jumla. Nikakumbuka kwamba kiini hiki nilikijenga mwenyewe kwa ajili ya somo, na nilipopunguza sehemu nisizozihitaji niliiondoa `hid-multitouch`. Kwa hiyo hakuna aliyeandika ile 3.

La pili: namba katika `/proc/interrupts` inapanda ninapogusa, na tachipadi ikifa inasimama kabisa. Mstari wa ACPI unaanza hivi: `GpioInt (Edge, ActiveLow, Exclusive, PullUp`. Sijui kama kuna kosa.

Mwanzisha uzi

Kosa lipo, nawe umelinakili kwa mkono wako. Neno ni `Edge`. Kanuni ya HID juu ya I2C inataka `Level`, na tofauti yake naweza kuieleza kwa mlango na mgeni. Tachipadi ikiwa na taarifa, hushusha waya mmoja na kuushikilia chini hadi taarifa zote zisomwe. Mfumo ulioambiwa `Level` hutazama kama mgeni bado amesimama mlangoni. Mfumo ulioambiwa `Edge` husikia hodi tu, yaani lile badiliko la waya kutoka juu kwenda chini. Sasa chukua siku ambayo taarifa mbili zimefuatana kwa haraka: mfumo umesoma ya kwanza, ya pili ikawa tayari kabla waya haujapanda. Waya umebaki chini. Hakuna badiliko, hakuna hodi. Tachipadi inasubiri isomwe, mfumo unasubiri uitwe, na wataendelea kusubiriana hadi uzime mashine. Ndiyo sababu namba ilisimama. Inaweza kuchukua dakika tano au saa mbili, kutegemea tu lini taarifa mbili zitagongana hivyo.

Usiiguse draiva kwanza. Jenga upya kiini pamoja na `hid-multitouch`. Kisha badilisha neno hilo moja katika nakala yako ya jedwali, uongeze namba ya toleo la jedwali, uiunganishe upya kwa `iasl`, na uipakie wakati wa kuwaka kupitia initrd, faili ambayo kiini husoma mwanzoni. Hayo ni majaribio ya muda ya kuthibitisha ugonjwa, hayaandikwi ndani ya BIOS, na ukiyaondoa mashine inarudi ilivyokuwa.

Mwanafunzi (Juja)

Vidole viwili vinasogeza ukurasa, vidole vitatu vinabadilisha madirisha. Nimeandika ripoti ya mradi tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana na tachipadi haijafa hata mara moja. Namba katika `/proc/interrupts` imepita elfu tisini. Je, sasa nitume nini, na kwa nani?

Mwanzisha uzi

Hongera, mdogo wangu. Angalia kwanza kama mtengenezaji ana BIOS mpya iliyorekebisha neno hilo, kwa kuwa hapo ndipo penye haki. Kama haipo, andika kiraka, yaani badiliko dogo la msimbo, kinachoitambua modeli yako kwa jina lake la DMI (lile lililoandikwa ndani ya BIOS) na kuilazimisha itumie `Level`, ili kisiguse mashine ya mtu mwingine yeyote. Endesha `scripts/get_maintainer.pl` upate anwani za wanaotunza sehemu hiyo, uandike jina lako halisi kwenye `Signed-off-by`, na katika maelezo uweke mstari wa ACPI, namba ulizoziona kabla na baada, na faili uliyorekodi kwa `hid-recorder`. Rekodi hiyo ina thamani kuliko aya kumi za maelezo, kwa sababu mtunzaji aliye mbali ataweza kuicheza kwenye mashine yake kana kwamba ameishika laptopu yako.

Kabla hujatuma, bado kuna jaribio moja. Mashine inapolala, tachipadi nyingi hukatiwa umeme na huamka zikiwa kipanya tena, kwa hiyo ile 3 ni lazima iandikwe upya kila mara. Funika laptopu, ngoja dakika moja, ifunue, jaribu vidole viwili. Fanya hivyo mara ishirini, nusu yake ikiwa kwenye chaji, na uandike matokeo ya kila mara. Jumamosi niko karakana kuanzia saa tatu asubuhi. Njoo nayo pamoja na daftari lako, tutakiandika kiraka hicho pamoja.